Toka na Dhahabu Yako

Juzi hapa Geita nilikuwa stesheneri nikingoja kopi zangu. Dada wa dukani alikuwa akicheza mchezo wa zamani wa kompyuta usio na picha hata moja. Unaandikiwa kwamba uko pangoni, nawe unaandika unachotaka kufanya. Alishakufa kila kona, kwa hiyo akaanza kututafsiria Kiingereza chake sisi wateja ili tumsaidie.

"Hapa kuna dhahabu. Mbele kuna ngazi ya kushuka. Huko chini joka linanguruma."

"Chukua dhahabu," akasema mzee mmoja mwenye buti za tope.

"Nimechukua. Nishuke?"

"Ukatafute nini tena, mwanangu? Toka!"

Akatoka. Mchezo ukaisha, ukampa alama chache na kumwita mwanagenzi.

"Mwanagenzi, lakini mzima!" Mzee akapiga makofi.

"Sasa wewe, babu," dada akamuuliza, "mbona kila siku unarudi duarani, kwenye shimo lako, kuchimba dhahabu?"

Mzee akaziangalia buti zake. "Duara langu halijawahi kuniandikia, 'Hapa kuna dhahabu.'"

Dada akaanza mchezo upya. Alipofika tena kwenye ile ngazi, mzee akainamia skrini, akanong'ona:

"Hebu chungulia kidogo huko chini."