Bwana Kimya Haonekani

"Shangazi, akionekana inakuwaje?"

Aliyeuliza ni binti wa kaka yake Shangazi, msichana wa miaka saba wakati huo, jino la mbele limeng'oka, amekaa juu ya katoni la nyaya. Ndiye anayeandika haya, lakini hizi si habari zake, kwa hiyo tumwache hapo hapo juu ya katoni. Mwenye habari ni aliyeulizwa. Shangazi alikuwa ameshika pedi ya gemu kwa mikono miwili, ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo, macho hayapepesi. Kwenye skrini, mtu mwenye koti la kijivu alikuwa amejibanza nyuma ya pipa, na mlinzi anapita hatua mbili tu kutoka alipo.

"Haonekani," Shangazi alijibu.

"Lakini akionekana?"

"Bi Maswali, nimesema haonekani. Na wewe pumua taratibu, utamshtua mlinzi."

Na kweli hakuonekana. Hakuonekana siku ile wala mwaka ule.

Shangazi alikuwa fundi wa mashine za gemu. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la madaftari na kinyozi. Mlangoni hapakuwa na bango, na watu walichukulia kwamba ni maringo ya fundi anayejua kwamba atatafutwa tu. Ndani kulikuwa na meza ya kazi, bisibisi zimepangwa kuanzia fupi hadi ndefu, brashi ya kupakia rangi aliyoitumia kufagia vumbi, chupa ya jamu iliyojaa skrubu, na runinga yenye ufa kwenye kona. Mbele ya runinga kulikuwa na mabenchi mawili. Mashine ikishapona lazima ijaribiwe, na Shangazi aliijaribu kwa gemu moja tu.

Gemu hiyo ina jina refu la Kiingereza kwenye jalada lake, ila mtaani hakuna aliyehangaika nalo. Shangazi aliipa jina la Nyata, maana kazi yote ya humo ni kunyata, na jina likashika. Nyata ya kwanza ilitoka kwenye mashine ya zamani ya kijivu. Ya pili na ya tatu zikaja na mashine nyeusi, nyembamba. Ya nne ikahitaji mashine nyingine tena, nzito kama tofali. Mashine zilibadilika, watu wakanung'unika, lakini Bwana Kimya alikuwa yule yule na koti lake lile lile. Jina hilo pia alipewa na Shangazi.

Juu ya kichwa cha kila mlinzi kuna kitaa. Kikiwa kijani, hana habari. Kikigeuka njano, amesikia kitu. Kikiwa chekundu, basi, ameshakuona, na huko Bwana Kimya hakuwahi kufika pedi ikiwa mikononi mwa Shangazi.

Watu walijaza mabenchi kwa sababu ya hadithi zaidi kuliko vidole vyake. Wahusika walipoongea Kiingereza chao cha haraka, na maneno yakipita chini ya skrini kama siafu, Shangazi alitafsiri. Bwana Kimya, alisema, anamtafuta dada yake aliyefichwa kwenye jumba lenye vyumba visivyohesabika. Yule mama anayemfokea redioni ni mkwe wake.

"Anasema nini sasa, Fundi?" kinyozi alikuwa akiuliza, mkasi bado mkononi, mteja wake kaachwa na kichwa nusu.

"Anamwambia, wewe mwanamume, umetoka asubuhi kumtafuta dada yako mpaka sasa hujarudi, na gesi imeisha."

Benchi zima lilikuwa likiangua kicheko. Na kila Nyata mpya ilipotoka, Shangazi aliunganisha hadithi pale ilipoishia. Dada alikaribia kupatikana mara nne.

Sasa kuna jambo ambalo hakuna aliyeliona, ingawa lilikuwa wazi kama mchana. Mashine za wateja hakuziandika majina. Alizifunga uzi: mwekundu wa mwalimu, wa bluu wa muuza mkaa, mweupe wenye fundo wa mama wa nyumba ya kona. Watu waliusifu utaratibu huo. Akiletewa karatasi, alijipapasa kifuani: "Miwani nimeiacha nyumbani, hebu nisomee." Hakuwahi kuwa na miwani. Na ikibidi kitu kiandikwe kwenye daftari la wateja, aliisukuma kalamu upande wa pili: "Andika mwenyewe, mwandiko wangu kama kuku kaparua."

Kwenye Nyata alijua mistari kwa mahali ilipo. Ukiwasha, mistari miwili inatokea. Wa juu ni kuanza upya, wa chini ni kuendelea ulipoishia. Ilikuwa hivyo kwenye Nyata zote nne, katika mashine zote tatu. Vidole vyake vilishuka mara moja na kubonyeza, kama mtu anayeingia chumbani kwake bila kuwasha taa.

Binti alikuwa ametimiza miaka kumi Nyata ya tano ilipotoka. Wa kwanza mtaani kuipata alikuwa Tela, dereva wa lori, jitu la mwili na sauti ya kuku mgonjwa. Aliicheza nyumbani kwake kila aliporudi safari, miezi minane, bila kitaa chekundu kuwaka hata mara moja. Akabakiza chumba kimoja. Hapo mashine yake ikaanza kuunguruma na kuchemka.

"Fundi, isafishe feni tu," alisema alipoileta. "Jumamosi naja kumalizia hapa hapa, mbele za watu. Nataka waone."

Shangazi akaifunga uzi wa kijani. Alhamisi akaifungua, akafagia vumbi, akatia mafuta feni, akafunga skrubu zote kumi na moja, akawasha kujaribu. Mistari miwili ikatokea. Kidole kikashuka mara moja, kikabonyeza. Mashine ikauliza kitu, na maneno mawili mafupi yakakaa chini ya swali. Mashine huwa zinauliza uliza. Akabonyeza la kushoto, kama siku zote.

Waliotengeneza gemu hiyo, wanajua wenyewe kwa nini, mwaka ule walikuwa wameigeuza mistari.

Bwana Kimya akatokea getini, mwanzo kabisa, anapangusa koti. Shangazi akazima, akawasha. Getini. Akazima tena, akasubiri, akawasha kwa upole kama mtu anayeamsha mgonjwa. Getini. Miezi minane ya Tela ilikuwa imefutika kwa kubonyeza mara mbili.

Binti akaingia kutoka shule, mkoba bado mgongoni. "Shangazi, hiyo ndiyo Nyata ya tano? Nicheze kidogo tu?"

Mpaka leo Shangazi hajui kwa nini alisema, "Cheza."

Jumamosi mabenchi hayakutosha. Baba wa binti naye alikuwepo, kaka yake Shangazi ingawa alizaliwa nyuma yake, karani wa bohari, shati limechomekewa hata siku ya mapumziko. Tela akakaa mbele, akapasha vidole moto, akawasha.

"Mbona niko getini?" akauliza. Akageukia mabenchi. "Jamani. Mbona niko getini?"

Akatafuta, akarudi, akatafuta tena. Kisha akaweka pedi chini taratibu, jambo lililotisha kuliko angeitupa.

"Alhamisi," kinyozi akasema, "si nilimwona Bi Maswali kaishika hii pedi?"

Vichwa vyote vikageuka.

"Uliigusa?" baba yake akauliza.

"Nilicheza, lakini nilikuta tayari..."

"Uliigusa au hukuigusa?"

"Niliigusa."

"Basi. Shika mkoba wako. Na leo ndiyo mwisho wa kukanyaga hapa. Madaftari yako yanalala, wewe uko na magemu. Mwombe mwenyewe msamaha, twende."

Binti hakulia. Alimtazama shangazi yake tu, kwa jicho la mtu anayesubiri kutolewa kwenye maji. Shangazi alikuwa amesimama nyuma ya meza, bisibisi ikizunguka vidoleni. Angeweza kunyamaza. Kesho yake watu wangesahau, Tela angeanza upya, nyuzi zingeendelea kufungwa, na miwani ingeendelea kubaki nyumbani. Kilichotakiwa ni asitikisike mpaka wapite. Hilo alikuwa amelifanya maisha yake yote, na alikuwa hodari.

Ila mtoto ndiye angepita mlangoni, asirudi.

"Kaka, mwache."

"Usimtetee. Ndivyo mnavyowaharibu."

"Simtetei. Nimefuta mimi." Bisibisi ikaacha kuzunguka. "Mistari wameigeuza. Mimi sikujua, kwa sababu siwezi kuisoma. Sijui kusoma, kaka. Si Kiingereza tu. Chochote."

Kinyozi akacheka. "Fundi bwana kwa masihara!" Kisha akaona kwamba anacheka peke yake, akajifanya anakohoa.

"Lakini wewe ulisoma," kaka yake akasema. "Si ulifika darasa la pili?"

"Nilifika, nikatoka, mama alipougua. Wewe ulikuwa unatambaa. Nilikuwa nakubeba mgongoni napita nyuma ya madarasa, nawasikia wenzangu wanaimba a, e, i, o, u. Kuimba najua. Kuziona ndiyo sizijui."

Kaka yake akauchukua mkoba wa binti, akakaa kwenye kona ya benchi na shati lake lililochomekewa, akaupakata mapajani.

Tela alikuwa ameshika kichwa. "Miezi minane, Fundi," akasema kwa kale kasauti kake. "Miezi minane."

"Najua. Nisamehe. Nitaicheza upya mpaka hapo ulipokuwa, hata kama..."

"Ucheze wewe, halafu nijisifu mimi?" Akashusha pumzi ndefu. "Na nikuambie kitu kingine. Mimi Kiingereza nimekisoma. Bwana Kimya hana dada. Hana hata mkwe. Yule mama wa redioni ni bosi wake. Anamtuma kuiba ramani za kiwanda."

"Kiwanda?" kinyozi akauliza, kama mtu aliyepewa habari za msiba.

"Ulijua tangu lini?" Shangazi akauliza.

"Tangu Nyata ya pili. Nilidhani unatutania makusudi."

"Na mbona hukusema?"

"Niseme, halafu nikae hapa nisikilize nini? Habari za kiwanda?" Akaokota pedi, akajiweka sawa. Bado alikuwa na uchungu usoni, na hakuuficha. "Haya. Yuko getini. Anapangusa koti. Anamtafuta dada yake. Endelea, Fundi."

Shangazi akakohoa kidogo. "Anasema... anasema safari hii hatoki humu bila yeye."

Mkoba haukwenda nyumbani mapema siku ile. Wiki iliyofuata kaka yake alileta madaftari mawili na penseli, akaviweka mezani bila neno, akatoka haraka kama mwizi. Mwalimu akawa Bi Maswali. Walianza na nyuzi: kila uzi ukapata kikaratasi, kila kikaratasi herufi moja, kisha jina zima. Shangazi alikuwa mwanafunzi mgumu. Alikisia badala ya kusoma, kwa mazoea ya kutunga. Akiona "fe" anasema feni, hata kama ni fedha.

"Shangazi, soma kilichoandikwa."

"Changu ni kizuri zaidi."

"Najua. Soma kilichoandikwa."

Mwaka wa pili alichora bango mwenyewe: FUNDI GEMU. Herufi G ilitazama upande usio wake. Kinyozi alisimama akalikagua, mikono kiunoni. "Hata herufi zake zinanyata," akasema. "Hiyo G inamkwepa mlinzi." Shangazi aliiacha hivyo hivyo. Ipo hadi leo.

Nyata ya sita ilitoka binti akiwa na miaka kumi na tano, kwenye mashine mpya kabisa, nyeupe, ambayo Shangazi aliifungua kuitazama kabla hata ya kuiwasha. Mabenchi yalijaa. Tela alikuwepo, tumbo limeongezeka. Mistari miwili ikatokea, na Shangazi hakuacha kidole kishuke chenyewe. Aliinamisha kichwa, akatembeza midomo juu ya maneno ambayo binti alikuwa amemfundisha mwezi mzima, akabonyeza.

Bwana Kimya akaingia kwenye ua. Mlinzi wa kwanza akapita. Redio ikakoroma, yule mama akaanza kufoka, maneno yakajipanga chini ya skrini.

"Anasema nini, Fundi?" kinyozi akauliza.

"Subiri," Shangazi akasema, macho chini. "Subiri kwanza, nasoma. D... don..."

Hakumwona mlinzi wa pili. Kitaa kikawa njano, watu wakabana pumzi, kikawa chekundu. King'ora kikalia. Tela akasimama. Kinyozi akaweka mkono mdomoni. Nyata sita, mashine nne, na hakuna mtu chumbani mle aliyewahi kuona kinachofuata Shangazi akiwa ameshika pedi. Skrini ikazimika kwa sekunde mbili hivi, ikarudi. Bwana Kimya alikuwa amesimama kwenye mlango wa ua, anapangusa koti.

Shangazi akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akageuka kumtafuta binti wa kaka yake, ambaye alikuwa amekaa juu ya katoni ingawa miguu ilishakuwa mirefu mno kwa katoni.

"Wewe si uliniuliza akionekana inakuwaje? Basi ndiyo hivyo, Bi Maswali. Anarudishwa mlangoni, anaanza tena. Haya sogea hapa, unisaidie lile neno la pili."