Kitambaa Kimoja, Kitanda Kimoja

Nimepiga deki wodi ya wanawake miaka ishirini na sita. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo kusoma kwangu ni kwa kidole na kuandika kwangu ni kwa jasho. Lakini kitanda kitupu nakijua kuliko daktari yeyote, maana anayekifuta na kukitandika ni mimi.

Siku moja dada yangu alibanwa na kifua, akaletwa chumba cha dharura saa mbili asubuhi. Mimi niko juu, ghorofa ya pili, sina habari. Niliposhuka saa nane nilimkuta kwenye benchi la korido, mpira wa hewa puani, kichwa kakiegemeza ukutani, na miguuni pake mgonjwa mwingine kalala sakafuni.

"Wewe mwenye hospitali," akaniambia kwa pumzi za kuokoteza, "hata kitanda kimoja umeshindwa kunitafutia?"

Asubuhi ile ile nilikuwa nimetandika vitanda vinne. Wenyewe waliruhusiwa saa tatu, wakaenda kwao. Vinne vizima, shuka safi, vimekaa vinatazama dari.

Utaratibu ulikuwa hivi: nesi wa wodi aliandika vitanda vitupu kwenye daftari mara moja tu kwa siku, daktari akishamaliza kuzunguka, na daftari likateremshwa saa nane mchana. Kabla ya hapo, kwa watu wa chini, wodi imejaa. Wakubwa wa hospitali walilalamikia wingi wa watu mlangoni. Wakaongeza mabenchi, wakaongeza na mlinzi. Lakini sinki likifurika, wengine hukimbilia bomba. Mimi huingiza kidole kwenye tundu la chini.

Sikumwuliza mtu. Dirisha la wodi linatazamana na mlango wa dharura, uwanja uko katikati. Nilichana shuka kuukuu vipande vipande, nikamfuata nesi wa dharura, tuliyemwita Mapafu kwa sababu sauti yake ilivuka uwanja bila kipaza sauti.

"Mwanangu, ukiona kitambaa cheupe kwenye nondo za dirisha lile, ni kitanda kimoja. Viwili, vitanda viwili."

"Na Matroni je, Bibi?"

"Kwani Matroni ndiye anayetandika?"

Akacheka mpaka akashika mbavu, lakini kesho yake alitazama juu.

Wiki tatu mambo yakaenda. Kitanda kikishakauka dawa nafunga kitambaa, Mapafu anapandisha machela, nami nafungua. Huko chini mabenchi yakaanza kuonekana mbao zake. Nikawa natembea kama mwenye nyumba.

Kisha mashine ya dobi ikaharibika. Matambara yangu ya deki nikayafua kwa mkono, na matambara hayo nayo yalitoka kwenye shuka zile zile kuukuu. Jua lilikuwa dirishani. Nikayaanika pale pale kwenye nondo. Ningeweza kusema nilikuwa nimechoka, au kwamba mgongo uliniuma. Nilisahau, basi.

Nilikuwa nasugua choo niliposikia magurudumu kwenye mteremko. Machela moja. Ya pili. Zikafika sita, na wodi haikuwa na nafasi hata ya paka. Bibi mmoja mwenye dripu alikwama kwenye kona, mbele machela, nyuma machela, akauliza kama hii bado ni foleni ya hospitali au ndiyo ya mbinguni. Hakufa mtu. Lakini kuwarudisha kulichukua saa nzima.

Matroni alituita ofisini mimi, Mapafu na nesi wa wodi.

"Nani amekuajiri uwe mlingoti wa bendera?"

"Kitambaa kimekosea leo," nikamjibu. "Benchi limekosea miaka yote."

"Kweli, Matroni," Mapafu akadakia. "Wiki tatu hizi sijalaza mtu sakafuni."

Hapo nesi wa wodi, msichana mpole ambaye sikuwahi kumsikia akibishana na mtu, akanigeukia, akafungua mdomo. "Mama, hujawahi kuniuliza hata siku moja. Nashtukia tu mgonjwa yuko mlangoni. Dawa sijapanga, kidonda cha mwingine nimekiacha wazi. Niko peke yangu na vitanda thelathini. Kuna siku nimelia stoo."

Nilikuwa nimezibua sinki la chini, maji yote nikammwagia yeye.

Matroni akakata maneno. "Vitambaa vinakoma leo. Au umwombe radhi huyu mbele yetu, na kuanzia sasa kitambaa hakifungwi mpaka yeye aseme yuko tayari. Nipe jibu kesho."

Nyumbani nilimsimulia dada nikiwa nimefura. "Radhi! Kwa mtoto niliyemzidi miaka arobaini!"

"Haya, usiombe," akasema, wala hakuinua macho kwenye mchele aliokuwa anachagua. "Kifua kikinibana tena nitalala juu ya hicho kiburi chako. Ni kipana, kitanitosha."

Usingizi haukunijia upesi.

Asubuhi nilisimama mbele yao watatu. "Samahani, mwanangu," nikamwambia nesi. Nilisema mara moja, na si kwa sauti kubwa. Yeye hakujivuna. Alichukua blanketi jekundu lililoliwa na wadudu, akalikata vipande, ili vitambaa visifanane tena na matambara yangu.

Saa nne mgonjwa mmoja akaruhusiwa. Nikafuta kitanda, nikatandika, nikasimama kando na ndoo yangu, nikingoja. Nesi alimaliza kufunga kidonda, akapanga dawa zake, akanawa mikono. Halafu akaenda dirishani akafunga kile chekundu yeye mwenyewe. Alikifunga vibaya, fundo la kamba ya kiatu.

Nikaokota ndoo yangu.

"Nimeona!" Mapafu akapaza sauti kutoka ng'ambo ya uwanja.

Nesi alipogeuka kwenda kumpokea mgonjwa, nikalikaza fundo.