Pini Kwenye Futi

Dada ninayeshona naye chumba kimoja tunamwita Kona. Jina alilipata kwenye gemu la magari, kwa sababu akifika kwenye kona hapunguzi mwendo na hagongi mtu. Anasema ni cherehani iliyomfundisha: kitambaa kikifika kwenye shingo ya blauzi hukisukumi, unakigeuza.

Mpinzani wake ni mdogo wake wa kiume, fundi simu, ambaye sisi humwita Breki kwa vile hajui kuzitumia. Wazazi walipofariki, Kona ndiye aliyemlea, na tangu Breki akiwa mtoto wa kupandisha kaptura kila dakika, jioni zao zilikuwa zile zile. Vyombo vikishaoshwa wanakaa kochi moja, televisheni imegawanywa nusu mbili, Kona juu, Breki chini, wanatupiana maneno ya kindugu ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kona hana mume, hana vikundi, hana safari. Ile nusu ya juu ndiyo ilikuwa starehe yake, na hakuona haya kuisema mbele ya wateja.

Basi Breki akaunganisha kompyuta ya gemu kwa vipande alivyookota huku na huko, ikabaki skrini tu, ambayo wangeinunua kwa kuchangiana. Hapo ubishi ukaingia mpaka chumbani kwetu. Kona alitaka ile pana, ili wakiigawa kila mmoja apate nusu inayoshiba, ubavu kwa ubavu, asiwepo wa juu wala wa chini. Breki alitaka ya kawaida.

"Dada, ile itaning'inia nje ya meza."

"Meza nimeipima. Inaenea, na pa kuweka kikombe panabaki."

"Shingo itakuuma kwa kugeukageuka."

"Shingo yangu inainamia cherehani kutwa, leo ndio unaihurumia?"

"Halafu kuna gemu haziijazi. Unabaki na weusi huku na huku."

Hilo la weusi lilikuwa kweli, niliuliza watu. Mengine yalikuwa maneno tu, na mimi niliyekuwa napiga pasi pembeni nilijiuliza kijana asiyejua hata kuchemsha maji ya chai ameanza lini kuhurumia shingo za watu.

Dukani muuzaji aliwawekea zote mbili. Kona alishika padi mbele ya ile pana, barabara ikafunguka kushoto na kulia, akacheka mpaka wateja wengine wakageuka. Ndipo Breki akasema kwa upole, "Wewe ndiye mkubwa, dada. Chagua wewe." Kona akamtazama usoni, akaona anavyoitamani ya kawaida, akaichagua hiyo. Kesho yake alinisimulia huku anatunga uzi. "Kama yeye ameridhika, mimi nimeridhika," akasema, na nilimwamini.

Wiki hiyo hiyo Breki alileta sanduku kubwa la nguo, zipu imekufa. La rafiki yake kazini, alisema, anahama. Kona alilitia zipu mpya, akapitisha mshono mara mbili ili isije ikamwaibisha mwenyewe njiani.

Sasa, sisi tuna mazoea yetu. Ukipima kitu na kalamu haipo karibu, unachomeka pini kwenye futi, ile kamba ya kupimia, pale kipimo kilipoishia. Breki alilijua hilo tangu alipokuwa akicheza chini ya meza zetu. Siku moja Kona akaja na futi yake ya nyumbani, akaikunjua ampime mteja, akakuta pini.

"Hii ni yako?" akaniuliza.

Haikuwa yangu. Haikuwa kifua cha mtu wala kiuno cha mtu, ilikuwa mbali mno. Alimaliza kumpima mteja bila kuichomoa. Mchana akaenda nyumbani na ile futi. Akaijaribu kwenye meza, akaijaribu mlangoni, hapana. Sanduku la rafiki wa Breki lilikuwa bado halijachukuliwa, limesimama chumbani kwa Breki. Akalifungua kwa zipu aliyoishona mwenyewe. Pini ikaangukia sawasawa kwenye mshono wa ndani, pale ambapo skrini ya kawaida inaenea na ile pana haienei. Chini kabisa yalikuwa yamekunjwa mashati ya Breki, kola zote kazi ya mikono yake.

Breki alipopita kazini kwetu jioni, Kona hakumwacha aketi.

"Huyo rafiki yako anayehama ana mashati ninayoyajua."

Breki akanitazama, maana yake nitoke. Sikutoka.

"Nimepata kazi, dada. Mji mwingine. Naondoka Jumapili."

"Umejua lini?"

"Kabla hatujaenda dukani."

"Na bado ukaniambia nichague."

"Sikutaka kukuumiza. Niliona ukiichagua mwenyewe hiyo ndogo, hutasema nimekuchukulia uliyoipenda."

Kona alikuwa anaizungusha futi kidoleni, pini bado imo. "Ungeniambia tu unaondoka. Ningekwambia beba skrini, na blanketi ningekuviringishia isivunjike. Umenizunguka, mdogo wangu. Na zipu ukanishonesha."

Mimi nina hasira za karibu, na siku ile nilitaka kumrushia pasi. Kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa ni jambo moja. Kumfanya aishike chupa hiyo ajipake kwa mikono yake mwenyewe ni jambo lingine.

Jumapili aliondoka na kompyuta, na skrini katikati ya mashati. Zipu haikuleta shida.

Siku chache baadaye nilimpelekea Kona mkasi aliousahau. Alikuwa kwenye kochi, amewasha televisheni ya zamani na mashine yao kuukuu ya gemu. Hakuiweka ya mchezaji mmoja. Nusu mbili zilikuwepo, ya juu inakimbia, ya chini gari limesimama pale pa kuanzia, linanguruma, halina dereva. Kila akizunguka analipita.

"Si ungeibadilisha ukacheza peke yako?" nikamwambia.

Alizunguka tena, akaja mpaka pale, na Kona ambaye hajawahi kumgonga mtu akaligonga lile gari ubavuni. Akarudi nyuma, akaligonga tena.