Kitenge cha Mama Mkwe

Binti yetu wa kwanza alizaliwa njiti, mdogo hata nikaogopa kumtazama. Muuguzi wa wodi, mama mnene mwenye sauti ya sokoni, alinieleza bila kunibembeleza: akipoa tu, tunampoteza. Mashine ya joto ilikuwa moja, na umeme wa Mwanza siku hizo ulikuja kwa mgawo. Kwa hiyo mtoto alale kifuani mwa mtu, ngozi kwa ngozi. Mke wangu alikuwa hoi wodi ya wazazi, presha imegoma kushuka. Tukabaki wawili wa kupokezana: mimi na mama mkwe, aliyekuja kutoka Kisesa.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwetu Wasukuma, mimi na mama mkwe hatupeani mikono wala hatukai benchi moja. Kuonana vifua wazi, Mungu apishe mbali! Tangu nioe, nikimwona njiani nilikuwa nachepukia kwenye mihogo ya watu.

Nilipomweleza, muuguzi alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akatundika kitenge katikati ya chumba, mkwe upande wa dirisha, mimi upande wa mlango. Yeye ndiye aliyempitisha mtoto. Hata maneno yalipitia kwake, ingawa tulisikiana vizuri kabisa.

"Mwambie huyo baba asikohoe, anamshtua mtoto."

"Mwambie mama nimesikia."

"Amesikia," muuguzi alitangaza, kama mtu wa redio.

Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria miaka hiyo, nami niliuza mitumba mjini kama nusu ya Mwanza. Nilitoa kwenye belo shati kubwa kuliko yote, la Mzungu fulani aliyeshiba, lenye vifungo mbele. Binti yangu alikaa humo, kofia ya sufu ikichungulia. Nilijaa fahari, hata wafagiaji niliwaita waje kuona.

Alasiri moja mvua ilitoka ziwani na upepo wake wa baridi. Ilikuwa zamu ya mkwe, na muuguzi alikuwa ameitwa wodi nyingine. Malaria ikamvamia mkwe humo humo. Niliona miguu yake ikitetemeka chini ya kitenge.

"Muuguzi!" aliita. "Muuguzi, mtoto anapoa!"

Mimi nilisimama pale pale, adabu imenifunga miguu.

Kitenge kikaanguka. Mkwe alikuwa mbele yangu, amejifunika khanga ovyo, mtoto mikononi, midomo ya mtoto imebadilika rangi.

"Baba, fungua shati."

Alimlaza kifuani mwangu kwa mikono yake mwenyewe, akatuzungushia kile kitenge, akakaza fundo mgongoni kwangu kama anayefunga mzigo wa pamba. "Kaa. Mpumulie kichwani." Nilikaa, nikampumulia, huku nalia bila aibu. Mkwe aliketi kando yangu, benchi lile lile, meno yakigongana. Hatimaye mtoto alijinyoosha, akalia kwa hasira. Tulicheka wote wawili. Muuguzi aliporudi, mkwe alishageukia ukutani.

Siku ya kuruhusiwa, presha ya mke wangu ilikuwa imeshuka, akatembea nami taratibu; mkwe alitembea upande wa pili wa barabara, kitenge kichwani, mjukuu mikononi. Tulipokaribia stendi alimwinamia mtoto, akapaza sauti:

"Mwambie baba yako afunge vifungo, tunapita mbele za watu."

"Mwambie bibi yako," nikamjibu binti yangu, "nimesikia."