Siku Bibi Alipomwaga Pombe ya Kulimia

Kijana wa mgodi alinipigia simu nikiwa Laela, ghalani kwangu, nagombana na mtu aliyeniletea mahindi mabichi. "Shikamoo mama. Tunaomba uje kijijini tuongee habari ya lile shamba la bibi yako." Nikajua wanachotaka. Chini ya kijiji chetu kuna makaa ya mawe. Korongo lote wameshalichimba, wamefika mpakani mwa shamba, na shamba ni langu.

Nikaenda na gari langu mwenyewe. Shule niliishia darasa la tatu, gari ninalo, na nakwambia mapema usije ukadhani nimekaa kulilia umaskini wa zamani. Silii. Paa la nyasi lilituvujia, viroboto walitula, na upepo wa Ufipa wa mwezi wa sita uliingia hadi kwenye mifupa. Ila nilipofungua mlango wa gari nikapigwa na harufu ya lile jiwe likiungua. Nusu lami, nusu yai bovu. Utotoni niliinusa mara moja tu, uani kwa bibi, na siku ile nilidhani kijiji kimekwisha.

Ilikuwa masika yanaelekea kukatika. Kwetu huo ndio wakati wa ntumba. Nyasi zimekua, udongo bado una maji, watu wanazikata na kuzifunika kwa jembe, wanafanya vichuguu vya mviringo shamba zima. Nyasi zinaoza humo, mwaka unaofuata unavitawanya na kupanda ulezi. Ukichelewa wiki mbili udongo unakauka, basi tena, hakuna ulezi. Kazi hiyo haifanywi na nyumba moja. Unapika pombe, unaita majirani, wanakuja na majembe na nyimbo zao. Bila pombe huiti mtu. Utaanzaje?

Bibi alikuwa ameloweka ulezi, ameuotesha, ameuanika, tumeusaga mimi na yeye mpaka viganja vikachubuka. Siku ya mwisho ya kuchemsha alimwachia moto mama mdogo, mke mpya wa baba mdogo, aliyeolewa kutoka Wampembe ziwani. Wanawake walimtania kila asubuhi kisimani kwa samaki wa ziwani kwao: "Mla migebuka, leo umeota unaogelea?" Naye anajibu: "Nimeota nawafundisha nyinyi kuoga." Nilimpenda sana.

Sasa sikiliza. Wazee walikuwa na agizo moja: mawe meusi ya korongoni hayaletwi nyumbani, na mgeni akiuliza, hatuyajui. Bondeni, kwenye kijiji alikoolewa dada yake bibi, watu walikuja wakachimba mawe kama hayo. Nyumba zikahamishwa, mto ukageuka rangi ya kutu, na wachimbaji walipoondoka waliacha mashimo. Dada yake bibi alirudi kwetu na mkeka mmoja kichwani. Agizo halikuhitaji maelezo zaidi. Kila mtu alilijua, na ndiyo maana hakuna aliyekumbuka kumwambia bibi harusi.

Wiki ileile walikuja wapimaji wawili na Landrova, wakalala shuleni. Mwalimu aliwazungusha nyumba kwa nyumba. Mmoja, mwenye kofia ya kaki, alibeba kipande cheusi kwenye kitambaa, akikifungua mbele ya kila mzee. "Mmeona wapi jiwe kama hili?" Wazee wanaligeuza, wanalinusa, wanalirudisha kwa mikono miwili. "Hatujaliona, bwana." Mwalimu alikuwa mtu wa Mbeya. Hakujua lolote, maskini.

Basi chungu cha pombe ni kikubwa, mafiga yetu hayakukitosha. Mama mdogo akashuka korongoni, akachagua mawe matatu mazuri, mapana, akainjika chungu juu yake. Meusi, ndiyo. Kwake jiwe ni jiwe. Bibi na mimi tulikuwa shambani. Tuliporudi mchana, tukiwa bado njiani, bibi alisimama ghafla akainua pua. Kisha akakimbia. Sikuwahi kumwona bibi akikimbia.

Mafiga yenyewe yalikuwa yanawaka. Yana wekundu ndani, na moshi mzito wa manjano unatoka. Mama mdogo amesimama kando na mwiko, ananishangaa. "Mawe ya kwenu yanaungua?" Na mimi nikaona kofia ya kaki inapanda njia ya kwetu, mwalimu nyuma yake.

"Bibi, wanakuja!"

Maji hayakuwepo hata kibuyu. Yote yalikuwa chunguni. Bibi alitazama chungu, akatazama njia. Akashika mti wa kuni, akakisukuma. Chungu kikapinduka, kikapasuka, pombe yote ikaenda juu ya moto. Mvuke ulifunika uwanja. Ulipopungua, mawe yamelala chini ya machicha mazito, na wageni wako mlangoni.

"Hodi hapa. Mama, mnachoma nini?" Yule wa kofia alikuwa ananusa kama mbwa wa kuwinda.

Bibi akamgeukia mama mdogo kwa sauti ya kusikika hadi kanisani. "Muulize huyu! Kwao wamezoea kukaanga samaki. Amemchomea mwanangu katambuga, eti asiende kwa wanawake! Angalia, na chungu amekipindua!"

Katambuga ni kiatu cha tairi. Harufu ya mpira ukiungua haiko mbali sana na ile. Lakini mama mdogo hakuwa ameambiwa kitu. Nilimtazama mdomoni. Alimwangalia bibi. Akaangalia kitambaa mkononi mwa mgeni.

"Nimechoma kimoja," akasema. "Akirudi nachoma na cha pili."

Mwalimu akacheka hadi akashika mti wa ua. Mgeni hakucheka mara moja. Alisogea, akachokonoa machicha kwa ncha ya buti, mara moja, mara ya pili. Bibi akamwambia, "Bwana, hicho ni chakula cha watu." Akaona haya, akarudisha mguu. Wakaomba maji, wakaambiwa hayapo, wakaenda zao. Ili uongo usimame, baba mdogo alitembea peku hadi walipoondoka, na majirani wakimwuliza hali ya ndoa.

Kesho yake alfajiri watu walifika na majembe. Kuita watu na kukosa pombe ni kuwatukana. Bibi alisimama mlangoni akasema, "Chungu kimepinduka." Jirani yetu, mtu mwenye kelele kuliko wote, akatazama jikoni, akavuta hewa, akaipata ile harufu. Akaweka jembe begani akaelekea shambani. Wengine wakafuata. Walilima lile shamba bila tone la pombe, bila wimbo, siku nzima, na Landrova ikapita barabarani ikienda Sumbawanga na haikurudi tena enzi za bibi.

Nimeajiri watu wengi maishani. Sijapata kuona watu wakilima vile.

Kijana wa mgodi alinitembeza ukingoni mwa machimbo. Nilizaliwa huku, naye pia, lakini nilitafuta kisima nikakikosa. Ni shimo, na chini kabisa kuna maji ya kutu. Yeye alikuwa anaonyesha mabati ya nyumba, na mabati ni mazuri, simdanganyi mtu.

"Wazee wetu hawakujua, mama. Walikalia mali na huku wana njaa."

"Walijua," nikamwambia.

Akacheka kwa adabu, kama unavyomchekea mtu mzima aliyechanganya mambo. Akauliza kama niko tayari sasa. Nikamwambia siuzi. Akauliza nitalifanyia nini shamba ambalo hakuna mtu wa kulilima. Hapo alinipata, maana nilipogeuka kuangalia nyumba zote zile za mabati, sikuona mlango hata mmoja ambao ningeweza kuupigia hodi, nikasema neno moja, mtu akatoka na jembe.

Nimerudi Laela. Shamba bado ni langu, na nyasi zake zimefika kifuani.