Macho ya Diwani

Ikupa, muuza ndizi wa gulio la Mpuguso, alimjua diwani kwa mikono yake kwanza. Alikushika kwa yote miwili, akainama kama mkwe, akasema "Ndaga fijo, mama," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, hata kabla hujampa kitu. Mvua ikinyesha, aliufunga mwavuli wake alowe pamoja na watu. Sauti aliiweka chini, mpaka usogee ndipo umsikie. Ila ukimwuliza neno, macho yake yalikimbia kwanza kumtafuta yule tajiri wa malori aliyempa gari na petroli wakati wa kampeni. Yakishamwona, ndipo jibu lilipokuja.

Kwenye mkutano wa kata, tajiri akiwa amekaa kiti cha mbele, Ikupa alisimama akauliza kwa nini kazi ya kutoza ushuru wa gulio amepewa tajiri huyohuyo, anayetoza hata mkungu wa kula nyumbani. Macho ya diwani yakaondoka.

"Nimekuuliza wewe, baba," Ikupa alisema. "Mbona unamtazama yeye?"

Watu wakacheka. Mikono ya diwani ilikosa pa kukaa. Mwishowe akasema, kwa sauti iliyowafikia hata wa nyuma kabisa, "Bila gari lake nisingefika kwenu."

"Umeshafika," Ikupa akamjibu kwa upole. "Sasa tuambie."

Diwani akaanza kueleza jinsi kazi ile ilivyotolewa. Kabla hajamaliza, kiti cha tajiri kilikuwa kitupu.