Pini ya Gurudumu la Nyuma

Mimi ni mwalimu wa hisabati, shule ya msingi, hapa Shinyanga mjini, na skuta ni ugonjwa wangu. Mke wangu ndiye aliyeuita ugonjwa, na siku hizi nimechoka kubishana naye. Wenzangu wakitoka kazini wanakwenda kutazama mpira. Mimi navua shati, navaa fulana iliyolowa oili, nachuchumaa uani mbele ya skuta ya zamani ambayo mtu mwingine keshaitupa. Nainunua mbovu, naifufua, naipanda wiki mbili tatu hadi roho itulie, kisha namuuzia mtu. Si kila mtu, jamani. Anayeuliza kwanza "inakwenda spidi ngapi" namwonyesha geti.

Skuta ninayotaka kuisimulia niliitoa Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu. Ilikuwa imeegemezwa nyuma ya karasha, ile mashine ya kusagia mawe, na vumbi limeiganda mpaka rangi yake huijui. Kuku alikuwa ametaga pale pa kuwekea miguu. Mwenyewe, mchimbaji mwenye tumbo, alinicheka bila haya.

"Mzee, hii nayo unaitakia nini? Haya, beba, unisafishie uwanja."

Niliipakia kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, nikairudisha Shinyanga nikiwa nimeishika njia nzima isigongwegongwe. Miezi mitano ilinila ile. Nilifungua injini, nikasafisha kabureta kwa mswaki wa zamani wa mwanangu, nikabadilisha waya wa klachi, nikaweka breki mpya, nikaipaka rangi ya maziwa ya mgando. Siku ilipowaka kwa mara ya kwanza nilipiga yowe mpaka jirani akachungulia ukutani kuuliza nani amefariki.

Mnunuzi alikuwa bwana mifugo mmoja wa upande wa Samuye, mtu mpole anayezunguka vijijini kuchanja ng'ombe. Alikuja kuitazama mara tatu kabla hajasema kitu. Mara ya tatu akaipapasa kiti, akasema, "Mwalimu, hii nitaitunza." Hapo nikajua ni yeye. Tukakubaliana aje kuichukua Jumamosi saa tano.

Jumamosi hiyo saa nne nilikuwa namalizia gurudumu la nyuma. Naomba nieleze vizuri, maana mambo yote yako hapo. Gurudumu la nyuma la skuta ile linashikwa na nati moja kubwa katikati. Unaizungusha kwa vidole mpaka ikae, unaikaza kwa spana ndefu, kisha unapitisha pini nyembamba ya chuma ili nati isije ikajifungua barabarani. Mwisho unapachika kifuniko kidogo cha bati. Ukishapachika kifuniko, huoni tena cha ndani. Nilikuwa nimeshaizungusha nati kwa vidole. Spana nilikuwa nayo mkononi, na pini nimeibana kwa midomo. Ndivyo ninavyofanya siku zote, maana kitu kidogo kikianguka kwenye mchanga wa uani kwangu ndiyo kwaheri.

Mara nikasikia getini sauti ya mwanamke ikitoa salamu ya asubuhi ya Kisukuma, "Hodi! Mwangaluka!"

Mama mkwe.

Asiye wa huku atacheka, na acheke. Kwetu Wasukuma mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawakai pamoja, hawatazamani usoni. Mkikutana njiani, mmoja anaingia shambani mpaka mwenzake apite. Hakuna chuki hapo, ni heshima. Najua siku hizi vijana wa mjini wanakaa na wakwe zao sebuleni wanatazama tamthilia. Mimi siwezi. Nilikuwa na miaka kumi na minane ya ndoa na sijawahi kumgusa mama yule hata ncha ya kidole. Na asubuhi hiyo mimi ni kaptura iliyotoboka na fulana ya oili! Nilitupa spana, nikakimbia nyuma ya nyumba kama mwizi wa kuku.

Akapiga tena hodi, akanisalimia kwa mbali, kwa adabu, akijua niko upande wa pili wa ukuta. Ilinibidi kuitikia. Na huwezi kuitikia salamu ya mama mkwe na chuma mdomoni. Nikaitoa pini, nikaitikia, nikachukua shati langu kwenye kamba ya nguo, nikalivaa haraka. Pini ikaingia mfukoni mwa shati. Sikumbuki kabisa nikiiweka. Mkono ulifanya wenyewe.

Mke wangu akamkaribisha mama yake ndani. Alikuwa ameleta kapu la michembe, yale makavu ya viazi vitamu tunayopenda kunywea chai. Nilipoona mlango umefungwa nikarudi uani kwa kunyata, na kabla sijachuchumaa, bwana mifugo huyo getini, amewahi nusu saa, amevaa koti kama mtu anayekwenda kuposa.

Mimi nina utaratibu. Kila kitu kinakaa kwenye kifuniko cha ndoo, kwa mstari, kinachotangulia mbele, kinachofuata nyuma. Kikibaki kimoja, kazi imebaki moja. Nilitazama, kimebaki kifuniko cha bati. Basi nikakichukua nikakipachika kwa kiganja, kikaingia vizuri. Tena nikajisifu moyoni kwamba hata nikikurupushwa kazi yangu haiharibiki. Ujinga mtupu!

Bwana mifugo alizunguka nayo uani mara mbili huku anatabasamu kama mtoto. Tukamaliza mambo yetu. Ndipo mke wangu akatoka akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama anarudi kwao, na njia yao ni moja. Mwambie ampe lifti." Bwana mifugo akasikia, akasema, "Mama ni wetu sote, apande." Mimi nikaingia ndani nijifiche, nikachungulia kwenye pazia. Nikamwona mama mkwe anakaa upande, kapu tupu mapajani, mkono mmoja ameshika koti la bwana mifugo. Skuta yangu ikatoka getini inalia vizuri, hata masikio yangu yalifurahi.

Nilitoka nikakaa kwenye kigoda. Nikapeleka mkono mfukoni kutafuta njiti ya meno.

Nilipoishika pini tu nilijua. Sikuhitaji kuitazama. Kitu cha kwanza nilichokiona mbele ya macho si skuta, ni ule mkono wa mama yule umeshika koti. Nati ile haikukazwa kwa spana. Haina pini. Watu wawili juu yake, barabara ya mashimo, na kila likizunguka gurudumu, nati nayo inajifungua kidogo.

Nikampigia bwana mifugo. Inaita, hapokei. Nikapiga tena. Mtu anayeendesha atasikiaje simu iliyo ndani ya koti? Nikamwita mke wangu, nikamwambia mpigie mama yako, mpigie sasa hivi. Akapiga. Simu ya mama ikalia chumbani kwetu, ameisahau kwenye chaja.

"Kuna nini?" mke wangu akauliza. Nikamwonyesha pini. Hajui chochote kuhusu skuta, lakini aliutazama uso wangu, akaanza kunisukuma mgongoni. "Nenda! Baba, nenda!"

Kwenye kona yetu kuna kijiwe cha bodaboda. Nikarukia ya kwanza niliyoifikia. "Barabara ya Samuye. Skuta nyeupe. Mkimbize!"

"Ticha, umeibiwa?"

"Endesha!"

"Au unamfumania mtu?"

Nilimjibu neno ambalo mwalimu hapaswi kulitamka, naye akaona si mzaha, akalala juu ya usukani. Tukapita nyumba za mwisho, tukapita majaruba ya mpunga, tukapita kundi la ng'ombe lililotuzuia mpaka nikataka kulia. Kila kona nilitegemea kuona watu wamekusanyika barabarani. Nilikuwa nasali, na mimi kanisani naonekana Krismasi na Pasaka. Mungu wangu, mvunjie injini huyo bwana, mmalizie petroli, mpelekee askari wa barabarani, chochote, asimame.

Hatimaye nikawaona. Walikuwa wanateremka kuelekea daraja dogo lisilo na kingo, na hata kwa mbali niliona gurudumu la nyuma linacheza, linakwenda kulia, linarudi kushoto. Bwana mifugo hajui. Barabara yenyewe ina mashimo, alidhani ni mashimo.

"Simama! Simama!" nikapaza sauti. Mama mkwe akageuka nyuma. Akaniona. Na yule mama, kwa adabu zake zote, akavuta kitenge akajifunika uso, akageukia mbele. Kisha nikaona anamgonga bwana mifugo begani, na skuta badala ya kupunguza ikaongeza mwendo!

Baadaye bwana mifugo aliniambia alichoambiwa. "Kaza mwendo baba, mkwe wangu yuko nyuma, si vizuri anikute barabarani." Naye ni Msukuma kama mimi. Alielewa, akakaza.

Hasira niliyoipata pale sijui nilimkasirikia nani. Tulikuwa tumebakiza hatua kama mia kufika darajani. Bodaboda akajitahidi, akafika ubavuni mwao, na nikafanya kitu ambacho sijawahi kusikia mtu wa kwetu amefanya. Nikamfokea mama mkwe wangu.

"Mayu! Mama! Gurudumu linatoka! Mwambie asimame, utakufa!"

Kitenge kikashuka. Akanitazama usoni, macho kwa macho. Nikaona kwanza ameudhika, halafu akaona uso wangu ulivyo, akaanza kumpiga bwana mifugo mgongoni kwa ngumi zote mbili. Bwana mifugo akakanyaga breki. Gurudumu likachomoka. Likawapita likiwa peke yake, likavuka daraja, likaingia kwenye mpunga. Skuta ikakaa chini kwa kishindo, ikaburuzika inatoa cheche, ikasimama kando ya daraja, na mama mkwe akaanguka ubavuni, amejikinga kwa mkono wa kulia.

Nilifika kwake nikiwa nimepiga magoti, sikumbuki kushuka. Kifundo cha mkono kilikuwa kimepinda vibaya. Alikuwa anauma midomo, halii. Nikamshika bega, nikamwegemeza kifuani kwangu, oili yangu yote kwenye kitenge chake.

Bwana mifugo alikuwa mzima, amechanika goti tu. Akaja mbio.

"Mwalimu, nisamehe. Ni mimi. Nilikaza mwendo, nimegonga shimo kule nyuma, nililisikia kabisa. Nimekuharibia skuta, nimemwangusha mama."

Nasema kweli, nilitaka kunyamaza. Mtu mzima, mwenye heshima zake, amejitwika mwenyewe, na shimo lenyewe lipo, atakayekataa nani? Ningesema pole, mambo ya barabara haya, na hakuna ambaye angejua mpaka leo. Lakini mama alikuwa ameniegemea, nasikia moyo wake unavyopiga. Nikatoa pini mfukoni.

"Hii ndiyo ilipaswa kushika gurudumu," nikasema. "Sikuiweka. Ni mimi."

Bwana mifugo aliitazama pini, akanitazama mimi, akasema tu, "Mwalimu!" Halafu akaenda kukaa pembeni ya daraja, akatugeuzia mgongo. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Gari halikuonekana. Tukarudi mjini mshikaki kwenye bodaboda, dereva mbele, mama katikati, mimi nyuma nimemzungushia mikono yangu yote miwili asiteleze. Mkono wake uliovunjika niliulaza juu ya mkono wangu. Kila tulipopita shimo alikuwa anaguna kidogo, na mimi nasema, "Pole, mama."

Hospitali muuguzi alimkalisha kwenye kiti, mimi nikarudi nyuma mpaka mlangoni, nikageukia ukuta. Tabia haifi kwa siku moja. Muuguzi akaanza kuandika.

"Mama kaumiaje?"

Muuguzi akanigeukia mimi. "Na wewe ni nani wake? Mbona unatazama ukuta?"

"Mkwe wake," nikasema. Na kwa kuwa nilishaanza siku hiyo kusema, nikasema yote: kwamba mimi ndiye fundi, kwamba nilikuwa nafunga gurudumu alipobisha hodi, kwamba nilimkimbia nikiwa na pini mdomoni, na nikarudi nikasahau. Nikasema, "Nilimkimbia kwa heshima, nikampandisha kwenye kifo."

Muuguzi, msichana wa watu, alicheka. Aliweka mkono mdomoni lakini alicheka. Mama mkwe hakucheka. Nikadhani hatanisemesha tena maisha yake yote, na ningestahili. Kisha nikasikia kiti kinalia, nikatupa jicho kwa pembeni. Alikuwa amejigeuza taratibu na mkono wake uliovunjika, amenipa mgongo kama inavyotakiwa, anasema na dirisha.

"Siku nyingine nikija, baba, usikimbie. Funga kwanza. Mimi nitageukia barabarani mpaka umalize."